Bima Nayo Huloweshwa Pindo

Jumatatu, 3 Juni

Nitapanda ndege! Au atapanda Tarumbeta. Mungu apishe mbali.

Tarumbeta ni jirani yangu wa kibanda pale sokoni, safu ya mapazia. Jina nimempa mimi. Silitamki mbele yake, maana akijibu, hata wauza viatu kule ng'ambo ya barabara wanageuka.

Chama chetu kinapeleka mtu mmoja nchi za nje, kiwandani, akatuchagulie vitambaa. Mwenyekiti kasema lazima awe na bima ya safari. Mwaka jana mwenzetu aliugulia hukohuko, tukachangishana mpaka hela ya chumvi ikaisha. Tumebaki wagombea wawili. Kila mmoja achague bima, Ijumaa aje aitetee mbele ya wanachama. Ajuaye kuchagua bima, kasema, ndiye ajuaye kuchagua kitambaa.

Maisha yangu yote nauza kitambaa, sijawahi kukiona kikizaliwa. Wajukuu nimewapokea kwa mikono hii. Kitambaa, bado. Nataka nikione kikitoka kwenye mashine kabla macho hayajaniaga.

Binti yangu kaniuliza bima nitaichaguaje na shule sikukanyaga, herufi zenyewe nimeziokota ukubwani kwenye vibao vya maduka. Nikamjibu kwamba yeye aliyesoma ndiye aliyemchagua yule mume. Akanimiminia chai. Nampenda mtoto huyu!

Jumanne, 4 Juni

Ofisi ya kwanza. Bwana mmoja kajinyonga kwa tai, meno yote nje. Nikamuuliza nikifa huko itakuwaje. Akasema nisiwe na wasiwasi hata kidogo, watanirudisha hadi mlangoni. Na nikiwa hai? Hapo nitajirudisha mwenyewe. Nikamwambia basi kampuni yenu inapenda maiti kuliko wateja. Meno yakaingia ndani.

Akaongeza kuwa ugonjwa wa zamani haulipiwi. Mimi mwenyewe ni wa zamani! Goti ni la zamani, mgongo ni wa zamani. Kipya nilichonacho ni hiki kilemba tu.

Ofisi ya pili. Mama mwenye miwani, mpole. Goti langu analikubali, ila niongeze kidogo. Begi likipotea wanalipa. Safari ikiahirishwa wanalipa. Bima inaanza siku ileile ukilipa, akasema, ukitoka mlangoni kwako tu uko mikononi mwao. Maneno matamu. Lakini maneno matamu hata mwizi anayo.

Narudi sokoni, namkuta Tarumbeta kavaa kadi ya bima shingoni kama medali. Ya kampuni ya mama wa miwani! Kainunua bila kuuliza hata swali moja. Eti kapenda rangi ya kadi.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata akili!

Kitambaa hakinunuliwi kwa macho. Unalowesha pindo, unasugua, unangoja. Rangi ikichuja, umekijua, na aliyekuuzia umemjua. Bima nayo ina pindo lake: ile namba ya simu ya dharura iliyo kwenye vikaratasi walivyonipa. Nikaamua kuilowesha.

Nikaanza na kampuni ya tai. Muziki. Nikabonyeza moja, muziki. Nikabonyeza mbili, muziki mwingine. Nikapika maharage yakaiva, muziki bado. Nikakata. Hii rangi imechuja.

Kampuni ya miwani ilipokea mara moja. Dada mwenye sauti ya asali akaomba namba ya bima. Sina! Lakini kadi ya Tarumbeta inaning'inia mbele ya macho yangu tangu jana, na mtu asiyezoea kuandika hukariri. Nikaitaja yote bila kukosea.

Akauliza mgonjwa yuko wapi. Sokoni, safu ya mapazia, kibanda chenye turubai la buluu. Ana nini? Kaanguka. Yukoje? Mama mnene, sauti kama tarumbeta. Anajitambua? Nikasema akiwaambia mzima msimwamini, ni mbishi huyo. Nilikuwa najibu maswali tu! Sauti ya asali ina utelezi.

Nikadhani atashukuru na kukata. Nikaenda zangu sokoni.

Loo! Sijakaa vizuri, ving'ora hivi hapa. Gari la wagonjwa. Wanaume wawili na machela, moja kwa moja kwenye turubai la buluu. Tarumbeta akawaambia yeye ni mzima wa afya. Wakatazamana, wakatikisa vichwa. Akapiga kelele. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba kweli, kichwa kimeguswa. Wakamlaza, wakamfunga mikanda. Anaondoka huku akiniagiza kwa sauti ya kubomoa ukuta kwamba pazia la maua nisilishushe bei hata mteja alie.

Vikabaki viatu vyake. Viwili, chini ya meza, vinanitazama.

Adui ni adui, lakini mtu hapelekwi hospitali peku. Nikavikamata, nikakimbia na goti langu la zamani, nikapanda lile gari kabla mlango haujafungwa. Nikamshika mkono njia nzima. Ulikuwa baridi. Akaninong'oneza, yeye anayenong'ona kama spika, kwamba anaogopa. Nikamwambia nyamaza, mwenzangu, nipo.

Alhamisi, 6 Juni

Wamempima kila kitu. Mzima kama punda! Kapewa na cheti cha daktari. Kampuni imelipa yote na kumrudisha nyumbani kwa gari.

Mimi na akili zangu nimeenda kumthibitishia bima yake.

Ijumaa, 7 Juni

Ukumbi ulijaa. Tarumbeta akasimama, akainua kadi na cheti. Akasema bima za wengine huja ukiugua, yake ilikuja kabla hajaugua. Makofi! Hata mimi nilipiga, mikono imezoea.

Zamu yangu ikafika. Bima sina. Nikasema nilikuwa bado naloweka. Watu wakacheka. Nikakaa. Niliiona ile mashine ikienda zake na vitambaa vyake vyote.

Tarumbeta akaomba kusema tena. Nikajua leo nazikwa. Akasema hospitali walimsomea maelezo ya aliyepiga simu, na duniani kuna mtu mmoja tu anayemwita tarumbeta, na anajidhania ana siri. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikatafuta shimo, hakuna.

Kisha akasema ndege hajawahi kuipanda, na katika soko zima aliyekimbia na viatu vyake ni huyuhuyu mwanaharamu. Bila mimi haendi. Tena kitambaa kikichaguliwa na asiyejua kulowesha, chama kitakula hasara.

Mwenyekiti akakuna kidevu. Akasema twende wote wawili, ila nikate bima leo leo, na niape sitacheza na namba ya dharura tena. Nikaapa, mkono juu.

Halafu nikamwambia Tarumbeta mwanaharamu ni yeye. Tukakumbatiana, tukalia, mwenyekiti akatuomba tulilie nje.

Jumatano, 19 Juni

Nimekiona! Kinatoka kwenye mashine kama maziwa, cheupe, kina joto. Nimekishika kikiwa hakijapoa. Tarumbeta alikuwa kimya kabisa. Siku ya kuandikwa, hii.

Sasa tuko hotelini, ghorofa ya juu. Mchana mweupe, yeye anakoroma. Kadi yangu mpya ninayo mkononi. Nzuri. Lakini nimewaza: kitambaa kinaweza kukataa kuchuja kivulini, kikachuja juani. Kule nyumbani walikuja. Huku je?

Na kosa langu la kwanza nimelielewa vizuri sana. Nilitumia namba ya mtu. Hii ni yangu.

Wamepokea upesi! Nimewaambia chumba cha mwisho, goti. Wako njiani.

Nimejilaza vizuri. Viatu vyangu nimeviweka kando ya kitanda cha Tarumbeta. Leo zamu yake kukimbia navyo.