Mashine Nyekundu Chini ya Mikorosho

Jumatano, 1 Septemba 1993

Nimeamua. Ekari zangu kumi na mbili za mikorosho hapa Lupaso hazifyekwi tena kwa mkono! Korosho zinakaribia kuanguka na majani yamefika magotini. Zikidondokea humo, ni chakula cha panya. Jirani yangu, Mwalimu Edmund, ameshaita watu na mafyekeo. Ushamba. Siku hizi biashara huria! Kwa Kurwa, mfanyabiashara wa Mkomaindo, Masasi mjini, zimeshuka mashine mbili za kukatia majani, mtumba wa Ulaya. Unakaa juu, unaendesha, inakata. Mke wangu, Mama Oliva, kauliza nani amewahi kuiona ikikata chini ya mkorosho. Hakuna. Ndiyo maana nitakuwa wa kwanza.

Ijumaa, 3 Septemba

Masasi, pamoja na fundi Ambrosi, kuchagua mashine itakayodumu. Ya kwanza: kuukuu, chuma kizito, kiti cha bati. Ya pili: nyekundu! Kiti cha sponji, taa mbili, tundu la kuwekea kikombe. Ambrosi akalala chini kuchungulia tumboni. Akasema ile kuukuu ina visu vinene na itatuzika sote. Nyekundu imepakwa rangi juu ya kutu. Nikamuuliza, nani huendesha akiwa amelala chini ya mashine? Mimi nilipima uimara kitaalamu: nilikaa kwenye kiti saa nzima. Hakikubonyea. Kurwa akanisifu, wateja kama mimi ni wachache. Nimechukua nyekundu, kwa kubadilishana na mabati mapya ya kuezekea jiko. Mama Oliva hajaambiwa.

Jumapili, 5 Septemba

Mama Oliva ameambiwa. Si na mimi. Hasemi nami. Sawa! Baada ya misa nimepita mbele ya kanisa juu ya mashine, polepole, taa zinawaka mchana kweupe. Watoto wakashangilia. Edmund kaniamkia shikamoo, kisha akauliza kama inajua na kuokota korosho. Wivu unamtafuna.

Jumanne, 7 Septemba

Nimefyeka hatua kumi na mbili. Safi kama zulia! Ya kumi na tatu ilikuwa na kisiki. Kishindo, cheche, moshi. Nikasonga mbele; mimi si wa kurudi nyuma. Lakini matawi ya mkorosho hushuka chini, na mimi nilikuwa nimekaa. Tawi likanidaka kifuani. Nikabaki nalo. Mashine ikaenda peke yake, ikavuka mpaka, ikafyeka mistari mitatu ya mbaazi za Edmund, ikatumbukia shimoni. Edmund akaja, akanitoa jani sikioni, akanipa pole. Halafu akasema kweli inakata. Mtu mbaya sana.

Alhamisi, 9 Septemba

Tumeivuta mashine kutoka shimoni hadi shambani kwangu. Ambrosi kasema kisu kimepinda na bati la chini limetoboka. Vipuri labda Dar es Salaam. Labda. Mama Oliva, bila kuniuliza, kaenda kwa Edmund kuomba wale watu na mafyekeo yao. Kawapikia ugali, kamchinja jogoo wangu. Kabla ya alasiri shamba lote lilikuwa jeupe! Nilisimamia nikiwa kwenye kiti cha mashine. Bila macho yangu wasingemaliza. Jioni Mama Oliva kanisemesha kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Baba Oliva, shuka ule." Nikashuka. Nilikuwa na njaa, si kwamba nimeshindwa.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimetafakari siku mbili. Mashine haina kosa! Kosa ni la mikorosho. Imepandwa ovyo, imeinama, haina adabu kwa mtu aliyekaa. Nimepima kwa kamba: mistari miwili ya katikati ikiondoka, kisu kikinyooshwa, napita nimeketi wima kama mkuu wa wilaya. Korosho za mistari hiyo zitapotea, lakini maendeleo yana gharama. Mama Oliva alipoiona kamba alichukua shoka, akaondoka nalo hadi kwa dada yake Lisekese. Haidhuru. Nimeazima la Mwalimu Edmund. Alinipa kabla sijamaliza kuomba, tena limenolewa.