Kukata Kulia Tu

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Tangu risasi zipungue hapa Bunia, nasikia vizuri Peugeot yangu. Inasaga nyuma kama kinu cha mihogo! Jumamosi mke wangu Lydie anarudi kwa ndege kutoka Beni, alikokimbilia na mama yake mwezi wa tano. Mama mkwe ametuma neno: nisipowafikisha nyumbani vizuri, binti yake atakaa kwa shangazi. Jirani Delphin, aliyemtaka Lydie kabla yangu, amejitolea kuwapokea na Corolla yake. Mnafiki!

Jumanne
Fundi Mathieu amepanda nami. Tukikata kushoto, kelele zinazidi. Tukikata kulia, kimya. Akasema roulement ya nyuma, beringi ya gurudumu la kulia, imekufa. Nisipobadilisha, gurudumu litachomoka. Mafundi wanapenda kutisha watu. Mimi nimeshika moja: kulia, kimya. Basi nitakata kulia tu! Akili ninayo.

Jumatano
Nimejaribu njia ya uwanja wa ndege. Kulia, kulia, kulia. Nikajikuta kwenye barrière, kizuizi cha vijana wenye bunduki. Kulia tena. Barrière ileile! Mkubwa wao akauliza, “Muzee, weye iko nachunguza siye?” Nikasema natafuta mbuzi wangu. Wamebaki na redio ya gari.

Jumamosi
Lydie! Amekonda, mzuri vilevile. Mama mkwe akaketi nyuma, kulia, juu ya gurudumu lenyewe. Ni mkwe gani atamwambia mama mkwe asogeze makalio? Nikashika usukani, macho mbele. Kulia, kulia. Mama, ambaye kwa heshima hasemi nami, akamuuliza Lydie kama vita vilihamisha nyumba yetu. Kwenye barrière vijana wakanipa pole, mbuzi hajaonekana. Lydie akauliza mbuzi gani. Mbele, lori bovu limeziba njia ya kulia. Ikabidi kushoto. Kraa! Gurudumu likatupita, likaingia kwa muuza maandazi. Hakuna aliyeumia. Delphin alikuwa nyuma yetu, bila shaka! Akawachukua wote wawili hadi kwa shangazi. Nimelia, sifichi.

Jumapili
Lydie amekuja kwa miguu, begi kichwani! Mama yake amekataza, lakini yeye amechoka kukaa mbali nami. Nikampokea begi. Ameomba kitu kimoja tu, nimpelekee Mathieu gari. Nimeapa. Kisha nikaenda uani, ambako vijana wa barrière walilisukuma gari jana na kuliweka juu ya matofali. Nikawasha injini, nikasikiliza nyuma kwa makini. Kimya kabisa! Kumbe shida ilikuwa gurudumu lile. Gari nimelitengeneza mwenyewe, Mathieu wa nini?