Siku Bosko Alipomnusa Mama Mkwe

Leo nimevuliwa nguo, jamani, na aliyenivua ni mbwa wangu mwenyewe. (Kaptura ilibaki. Imetoboka nyuma, lakini ilibaki.)

Bosko mnamjua, yule wa madoadoa wa kuwindia kanga na kwale. Sasa ndege wanalalia mayai na uwindaji umefungwa, basi huu ndio wakati wa kumfundisha. Ninaficha bawa la kanga majanini. Yeye anatakiwa alitafute kwa pua, akilipata asimame kimya, mguu mmoja juu, asibweke wala asiruke. Hapo mimi ninyemelee, niyapige majani teke ili ndege watoke, halafu bunduki ilie. Bunduki yangu ni vifuniko viwili vya sufuria za Atieno, mke wangu. (Amevitafuta wiki nzima. Nimemsaidia kutafuta.)

Shida ni kwamba Bosko hajawahi kusimama hata siku moja. Bawa analitafuna. Vifuniko vikilia, anakimbilia chini ya kitanda.

Na mama mkwe habari hizo anazo. Tangu tuoane hajakanyaga kwetu hapa Ahero, anasema binti yake ameolewa na mchunga mbwa. Atieno amemzaa Akoth wetu juzi juzi, na kila akimwogesha mtoto anasema, "Laiti mama angekuona." Mimi nikisikia hivyo moyo unaniuma. Basi mama akatuma ujumbe kwamba atakuja Jumapili baada ya kanisa.

"Baba Akoth," Atieno akaniambia, "siku hiyo mbwa afungwe. Mama akiondoka na hasira, harudi tena."

Nikaapa. Lakini leo ni Jumamosi, si ndiyo? Nikajiambia, Bosko afanye kazi leo, kesho apumzike.

Tulikuwa kando ya mfereji wa mpunga. Ghafla Bosko akaliacha bawa, akakata kona kuelekea kichaka kilicho karibu na lango letu. Akasimama. Mguu juu, mkia umenyooka kama mwiko. Hatikisiki. Nilitaka kulia. Wakati ule nilimpenda mbwa huyu kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Kichaka kikatikisika. Ndani yake nikasikia sauti ya aluru, vile vindege vidogo ambavyo Mjaluo akivisikia tu mate yanamjaa mdomoni. Nikalala kwa tumbo. Nikatambaa kwenye matope mpaka kwa Bosko, nikamnong'oneza, "Tulia, mzee. Usimshtue. Huyo ni mnono."

Nikainuka, nikakipiga kichaka teke, nikagonganisha vifuniko kwa nguvu zangu zote.

Akainuka mama mkwe.

Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Kumbe alikuwa amepata lifti ya lori, akaona aje leo. Na kama mama yeyote anayejiheshimu, alitembea na patipati njia nzima, akajificha kichakani avae viatu vya kanisani kabla ya kuingia kwa watu. Pembeni yake kulikuwa na kikapu cha aluru hai, zawadi ya binti yake anayenyonyesha. Kulikuwa, nasema. Kikapu kilipinduka na aluru wakaenda zao.

Sasa kwetu, ukikutana na mama mkwe njiani, wewe ndiye unaingia majanini umpishe. Hata usoni humtazami. Mimi yeye ndiye nimemtoa majanini kwa teke. (Teke lilipata kichaka. Mungu ni shahidi.)

"Karibu, mama," nikasema, nikificha vifuniko nyuma, penye lile tundu la kaptura.

Atieno akatoka mbio na mtoto begani, akaniona nimejaa matope, akaona vifuniko vyake.

"Atieno," mama akasema, mimi nikiwa nimesimama pale pale, "mwambie mume wako narudi kwangu. Na umwambie mnono amesikia."

Machozi yakamtoka Atieno. Akamshika mtoto vizuri. Heri angenipiga na hivyo vifuniko.

Hapo ndipo Bosko akatokea majanini. Mlio haukumkimbiza. Mdomoni alikuwa na aluru mmoja, amembeba polepole, akaja moja kwa moja mpaka kwa mama, akamweka juu ya kile kiatu cha kanisani. Akakaa. Mama akaokota yule ndege, akamgeuza, akamfungua mabawa. Mzima, hana hata unyoya uliong'oka. Anapepesa macho tu.

Mtoto akapiga chafya.

"Hebu nipe huyo mtoto," mama akasema. Akampa Atieno kiatu na ndege, akamchukua mjukuu wake, akaingia ndani mguu mmoja peku.

Mimi nilibaki nje kama mkwe mwenye adabu, nimemkumbatia Bosko shingoni. Ndani nikamsikia mama akimwimbia mtoto, na Atieno akimwitikia. Nikalia kidogo, nisiwafiche. Chai ikanywewa, ikaongezwa. Jua linashuka, mama akatoka, akampapasa Bosko kichwani, akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia:

"Mbwa huyu amefundishwa, hana shida. Sasa anza na mwenye mbwa."

Msicheke, tafadhali. Atieno amecheka mpaka mtoto ameamka, na hiyo inatosha kwa nyumba moja.