Filamu Iliyonyimwa Marufuku

Jumatatu, 4 Machi
Miwani, mtengeneza filamu mwenzangu, amepigwa marufuku! Watu wengine wana bahati! Filamu yake ya mwizi wa baiskeli, mbovu kuliko zote mtaani, bodi ya kukagua filamu mtaani imeizuia kwa sababu mwizi anaonekana akioga. Mgongo tu! Sasa kila mtu anaitafuta kwa udi na uvumba. Miwani anapita ametanua kifua, eti msanii anayenyanyaswa. Mimi filamu zangu tatu zimepitishwa zote, na hakuna aliyezitazama hadi mwisho, mama yangu mzazi akiwemo. Mke wangu, ambaye ndiye nyota wangu, amesema hii ya nne ikibuma niende dukani kwa kaka yake nikauze magodoro. Mimi! Chini ya shemeji! Nimeamua. Lazima nipigwe marufuku. Nitaweka busu.

Jumanne, 5 Machi
Mke amegoma kumbusu kinyozi, mwigizaji wangu mkuu. Kasema afadhali abusu pasi ya moto. Kinyozi naye kasema shemeji yake ni kama dada yake. Wote wananiangusha! Nikavaa koti na kofia ya kinyozi, nikambusu mke mimi mwenyewe jikoni, kamera juu ya friji, mgongo wangu tu ukionekana. Tulirudia mpaka sufuria ikaungua. Hakuna atakayejua ni mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Bodi ni watu watatu: mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mstaafu, binti yake, na mume wa binti yake. Mtu na mkwewe, chumba kimoja, busu linakuja! Muziki ulipolegea tu, mwenyekiti akasimama mbele ya televisheni, akatanua koti, akatukodolea macho sisi mpaka likaisha. Mkwewe alikuwa anakagua dari. Binti akakohoa. Wakaipitisha!

Nikapinga. Nikasema ni chafu, inapotosha vijana, naijua, nimeitengeneza mwenyewe. Mwenyekiti akauliza nani kati yao ameona uchafu. Hakuna. Nikaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akasimama tena! Kisha akanipa mkono, akasema watunzi wanaojikosoa hivi ni adimu, na kwamba Jumamosi ataionyesha mwenyewe ukumbini, bila kiingilio, wazee kwa watoto. Nilitamani kulia.

Jumamosi, 9 Machi
Ukumbi ulifurika. Mstari wa mbele mama mkwe, pembeni yake shemeji wa magodoro. Busu likajaa ukuta mzima. Mwenyekiti alikimbia kulikinga, lakini koti lake halikutosha ukuta; busu likaishia kucheza juu ya kipara chake. Watoto wakashangilia.

Mama mkwe akalitambua koti la kinyozi. Akamvaa kinyozi kwa mkoba. Maskini akalia kwamba si yeye, akanisonta mimi. Nikakwama. Nikikaa kimya, mke wangu anaonekana malaya mbele ya mtaa mzima. Nikisema, mama mkwe anajua midomo ile ni ya nani. Mke akanitazama, machozi yakimlengalenga. Nikasema ni mimi. Nikaambiwa sijasikika, nirudie. Nikarudia! Sijawahi kuona aibu kama ile. Mama mkwe akajifunika uso kwa mtandio, akatoka bila kuaga.

Bodi ikakutana palepale mlangoni na kuipiga filamu marufuku. Hatimaye! Ila mtaa mzima umeshaiona. Bure.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika nikiwa juu ya godoro la maonyesho. Shemeji kasema nisilikalie. Nimetafakari kwa kina na kosa nimeliona: busu lilikuwa moja, na marufuku ilichelewa. Filamu ya tano itakuwa na mabusu mawili, mwanzoni kabisa, kabla mwenyekiti hajapata nafasi ya kusimama. Tutairekodi humuhumu dukani, vitanda vipo tele. Nimetuma ujumbe kumwomba mama mkwe acheze kama mkuu wa bodi. Hajajibu, maana bado hanisemeshi. Nachukulia amekubali.