Bao Lile Mimi Sikuwepo

Jumanne, 10 Februari 2015

Gari limegoma kuwaka. Jana nilisahau kulichomeka kwenye umeme ili injini isigande usiku. Nimekwenda mazoezini kwa miguu, begi la vifaa mgongoni, pua imekufa ganzi. Huo ndio ulikuwa upande mzuri wa siku.

Kocha Gustafson ametukusanya. Sisi Nyegere wa Lindbrook tumeingia fainali ya mkoa ya mpira wa magongo wa barafuni, hilo tunalijua. Jipya ni kwamba basi lina nafasi ya mabeki sita. Watano wameshatajwa. Wa sita ni mimi au Kolby Wiebe, kijana wa miaka ishirini na mmoja anayekunywa maziwa baada ya mechi na kuniita babu. Mimi nina thelathini na minane.

Misimu kumi na tisa nimevaa jezi hii. Fainali sijawahi kucheza. Mbele ya watu nimesema kwamba sijali, mwenye bahati aende. Hapa naandika ukweli: naitaka kuliko kitu chochote.

Kigezo kimetolewa. Wapinzani wetu wa Carvel ni wabaya sana wakipata mtu wa ziada. Na sisi tunaongoza mkoa mzima kwa kuadhibiwa. Mtu wetu akipelekwa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili, tunabaki wanne barafuni dhidi ya watano, ukiacha makipa. Kwa hiyo beki wa sita atakuwa yule anayelinda vizuri zaidi tukiwa pungufu, na takwimu ndizo zitakazoamua. Takwimu anaziweka Mwalimu Lavallee, mwalimu wa hesabu, yule anayekaa jukwaani na blanketi miguuni na kompyuta mapajani.

Amebandika matokeo mlangoni. Mabao tuliyofungwa tukiwa pungufu tangu msimu uanze: Wiebe akiwa barafuni, manne. Mimi nikiwa barafuni, kumi na moja. Dakika zetu zinalingana.

Wiebe amenipigapiga begani. Akasema, "Pole, babu. Labda karatasi imebandikwa kichwa chini."

Jumatano, 11 Februari

Nimekwenda kwa Mwalimu Lavallee na sinia la pirogi, zile kama sambusa za viazi za kuchemsha, alizopika mke wangu. Janelle aliniuliza zinakwenda wapi, nikasema kwa mgonjwa.

Nimemweleza mwalimu kitaalamu. Katika yale mabao kumi na moja, matatu kipa alikuwa amelala chini. Mawili yalinigonga mimi yakaingia, maana yake nilikuwa karibu kuyazuia kuliko mtu yeyote. Moja nilikuwa nimegeuka kumtazama refa, kwa hiyo kiroho sikuwepo. Ukitoa hayo, yanabaki matano. Ukitoa na bahati mbaya, matatu. Nimempita Wiebe.

Mwalimu amesikiliza vizuri sana. Amekula pirogi tisa na krimu. Kisha akasema takwimu hazili pirogi. Amebaki na sinia.

Ijumaa, 13 Februari

Nimepata akili mpya! Namba hii ni mabao kugawanya kwa dakika. Mabao siwezi kuyafuta, basi niongeze dakika. Leo tunacheza na Marlow, timu ya mwisho kabisa, watu ambao hawawezi kufunga hata mlango. Tukiadhibiwa sana leo nitakusanya dakika nyingi bila bao, na wastani wangu utashuka.

Mimi mwenyewe siwezi kufanya madhambi, nitakwenda kukaa kibandani na dakika zitamwendea Wiebe. Nimemwomba Dwayne Skog, mshambuliaji wetu, mtu mkubwa asiye na mambo mengi. Nimemwahidi kumwondolea theluji mlangoni kwake hadi majira ya kuchipua. Amekubali hata sijamaliza kusema.

Baada ya mechi. Skog amezidisha. Nilimwomba amkwatue mtu mmoja. Amewakwatua wawili, akamvua mmoja kofia, halafu akamkaripia refa hadi nahodha wetu alipokuja kuamua ugomvi naye akaadhibiwa. Tukabaki watatu dhidi ya watano, na mmoja wa hao watatu ni mimi. Marlow wamefunga mara mbili. Kipa wao ameshangilia hadi akaanguka.

Mabao kumi na matatu sasa. Na theluji ya Skog ni ya kweli, barabara yake ni ndefu kuliko nilivyofikiri.

Jumamosi, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Nimempa Janelle chokoleti, nikakaa kusoma maelezo madogo yaliyo chini ya karatasi ya mwalimu. Janelle amesema angalau ningesoma kwa sauti.

Nimesoma mara tatu, sikuamini macho yangu. Imeandikwa hivi: bao huhesabiwa kwa wachezaji walio barafuni wakati linapofungwa.

Wakati linapofungwa. Kabla ya hapo, hapana. Katika mchezo huu mtu hutoka na kuingia wakati wowote, saa inakwenda, haombi ruhusa. Sasa kama beki ataona hatari inakuja na akawahi benchi, hilo bao ni la nani? La aliyeingia. Na nikitoka mimi huingia Wiebe!

Nimecheka peke yangu jikoni. Janelle ameuliza kama ni ile chokoleti.

Jumapili, 15 Februari

Nimeula.

Kipindi cha kwanza, tuko wanne. Wapinzani wanakuja kwa kasi. Mimi huyoo, benchi. Wiebe akaruka ubao kuingia, na kabla hajageuka vizuri kile kisahani cheusi tunachokigombania kilikuwa wavuni. Bao la Wiebe. Kipindi cha tatu hivyo hivyo, mara tatu. Amerudi benchi uso umemshuka, akasema haelewi, kila akiingia anakuta watu watatu mbele yake na hakuna beki. Nimempa moyo. Nimemwambia uzoefu huja polepole.

Kipindi cha pili sikucheza, nilisema kamba ya kiatu imekatika. Kipindi hicho timu hubadilishana magoli na benchi letu linakuwa mbali, kule upande wa pili. Si safari ya kuanza wakati adui ameshafika.

Tumeshinda mabao saba kwa sita. Kipa ameondoka bila kuvua kofia.

Jumatano, 18 Februari

Mechi ya mwisho kabla ya uteuzi. Kocha amenunua kamba mpya za viatu akanikabidhi mwenyewe, mbele ya wote. Kipindi cha pili hakikwepeki.

Basi nimepanga kuondoka mapema. Adui akiwa bado nyuma ya goli lake anajipanga, mimi nimeshaanza safari. Tatizo ni kwamba yeye alikuwa anakuja na mimi nilikuwa nakwenda, tukapishana katikati. Amenisalimia. Nimefika benchi pumzi zimekwisha, nikakuta Wiebe alishaingia zamani, naye Skog alikuwa ameniona nikikimbia akadhani kuna mabadiliko makubwa, akaingia pia. Refa amehesabu watu, akainua mkono. Adhabu kwa kuzidi barafuni. Tulikuwa pungufu, tukaadhibiwa kwa kuwa wengi! Tumefungwa mawili.

Lakini mimi sikuwepo. Nimeangalia karatasi ya mwalimu usiku huu: mechi mbili, dakika tele, mabao sifuri. Wiebe ameongeza sita kwenye manne yake. Nikiendelea hivi hata kumi na matatu yangu yatasahaulika.

Nimepiga pasi suruali ya safari.

Ijumaa, 20 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Mwalimu Lavallee amekuja chumba cha kuvalia na karatasi mpya. Ina safu ya ziada, ameitunga yeye. Mabao yaliyofungwa ndani ya sekunde kumi tangu mchezaji atoke barafuni. Wachezaji wote wana sifuri au moja. Mimi nina sita, yote ya wiki hii. Ameongeza kwa upole kwamba katika miaka yake yote ya hesabu hajaona mtu anayenusa bao kiasi hicho. Amesema mtu anayejua hivyo mahali pa hatari angekuwa beki hodari sana, kama angebaki tu.

Wamecheka wote. Skog amecheka hadi akafuta machozi kwa soksi. Wiebe hakucheka, na hilo limeniuma zaidi.

Kocha amemtaja Wiebe. Kisha akanitazama, akasema ana nafasi moja nyingine kwenye basi. Anahitaji mtu wa kufungua mlango wa benchi wachezaji wanapoingia na kutoka. Nitavaa vifaa kama akiba, lakini kazi yangu ni mlango. Amesema haoni mtu mwenye uzoefu zaidi na ule mlango.

Nimekaa kwenye gari nimelia. Misimu kumi na tisa. Janelle amekuja na koti juu ya nguo za kulalia, akaingia. Halafu akasema, "Wewe ulikuwa beki wa kawaida tu, Orest. Lakini ulikuwa hubanduki. Watu walikuwa wanakuja uwanjani kukuona unapigwa na bado upo pale. Sasa nani atakuja kukuona unaondoka?"

Nimeyatafakari maneno yake. Ni kweli tupu, yamenigusa hasa. Kisha nimewaza kwamba mlango ni wadhifa.

Jumamosi, 28 Februari

Naandika ndani ya basi. Niandike kwa mpangilio.

Ukumbi wa Carvel ulijaa hadi ngazini. Mlango nimeuendesha vizuri, hakuna aliyebanwa kidole. Kipindi cha tatu, zimebaki dakika tatu, tunaongoza tatu kwa mbili. Wiebe akajitupa mbele ya shuti, kisahani kikampata kifundo cha mguu. Walimbeba. Aliponipita alinishika mkono akasema, "Babu, usiwaachie." Hakuwa anatania.

Dakika ikabaki moja, Skog akamkwatua mtu. Hakuna aliyemwomba safari hii, amezoea tu. Tuko wanne. Carvel wakamtoa kipa wao wakaingiza mshambuliaji mwingine, goli lao tupu, wao sita sisi wanne. Zikabaki sekunde arobaini. Kocha akageuka kutafuta beki, akanikuta mimi na mlango wangu.

Alinishika jezi shingoni. Alisema, "Unaingia. Hutoki mpaka nikuite. Hata ukiona jini, hutoki."

Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, kwa jina la Janelle, na Mungu ni shahidi kwamba nilimaanisha. Nikaingia. Nikasimama mbele ya goli letu, nikamsukuma mtu, nikasukumwa, nikabaki pale. Nilijisikia mzima kama zamani. Nikasema moyoni, bora kuvunjika hapa hapa.

Kisha nikaona. Beki wao mkubwa, kule mwisho wa eneo letu, anainua gongo hadi juu ya kichwa. Bao nililinusa kabisa. Na miguu yangu ikageuka. Mimi nilikuwa nasema baki, yenyewe ilikuwa inakwenda benchi. Kocha alipaza sauti kuita jina langu, silirudii hapa pamoja na alichoongeza.

Nilikuwa nimempa yule beki mgongo wakati alipopiga. Kisahani kimenipata makalioni. Sijawahi kusikia maumivu ya namna ile, nilidhani nimepigwa na gari. Nikaanguka kifudifudi. Nilipoinua kichwa nilikiona kisahani kinateleza kuelekea upande wa pili, taratibu, peke yake, barafu yote, hadi ndani ya goli lao tupu.

Nne kwa mbili. Ndivyo ilivyokwisha. Sisi ni mabingwa wa mkoa.

Wamenirukia wote na wengi wamenigonga pale pale. Kocha amenikumbatia huku analia, akaninong'oneza sikioni kwamba ameniona, nilikuwa nakimbia. Kisha akanikumbatia tena. Wiebe ameshikilia kombe kwa mkono mmoja na gongo la kutembelea kwa mwingine, ameagiza maziwa kwa wote. Nina furaha ambayo siwezi kuieleza. Nimesafiri nimesimama.

Jumapili, 1 Machi

Nimelala kwa tumbo. Janelle amenikanda kwa barafu, akaniuliza sasa nimejifunza nini. Nimemwambia anipe kalamu.

Nimepiga hesabu. Nilikuwa barafuni sekunde tisa. Mabao tuliyofungwa: sifuri. Mabao niliyofunga: moja. Ukichukua bao moja kwa sekunde tisa ukalipanua kuwa mechi nzima ya dakika sitini, napata mabao mia nne kwa mechi, tena tukiwa pungufu. Nimerudia mara mbili, ni mia nne. Hakuna beki Kanada nzima mwenye namba ya jirani na hiyo.

Nimempigia Mwalimu Lavallee ili aibandike mlangoni. Amesema sekunde tisa hazitoshi kumhukumu mtu, kwa mema wala kwa mabaya. Wivu huo. Amesema pia sinia letu yuko nalo.

Ukweli umejidhihirisha: sikukosea kuondoka hata siku moja. Nilikosea kwa kuondoka kabla ya shuti. Saa yake hasa ni wakati wa shuti lenyewe, na mgongo uwe umenyooka.

Jioni nimesimama jikoni nimeupa ukuta uso, Janelle akanirushia viazi kutoka mlangoni. Amerusha kumi. Sita vimenipata, na kimoja kimedunda hadi sebuleni chini ya meza, pale tulipokubaliana kuwa ndilo goli. Amesema anaweza kuendelea usiku kucha.