Mrija wa Kushoto

Jumatatu, tarehe 6
Mke wangu katoka hospitali. Kapunguzwa matiti. Miaka thelathini mgongo unamtesa, leo kasimama wima kama mlingoti. Kila upande umetoka mrija, mwisho wake kichupa laini cha kuminya, kinavuta majimaji ya kidonda. Nesi alieleza kirefu. Sikumsikia, nilikuwa namweleza yeye habari za pampu. Fundi bomba miaka arobaini, nifundishwe nini? Tumegawana: shemeji, dada yake mke wangu, mrija wa kulia. Mimi kushoto. Kumwaga, kupima, kuandika. Mke wangu anataka mirija iwe imetoka ifikapo Ijumaa. Jumamosi binti yetu analeta mjukuu, na kwa mirija hii hawezi kumpakata.

Jumanne, tarehe 7
Kushoto mililita sitini na tano. Kulia hamsini. Nikamwambia shemeji asione haya, mkono wa kazi si wa kila mtu. Akaniuliza kama niko sawa kichwani. Wivu.

Jumatano, tarehe 8
Sielewi. Kulia ishirini na nane, sawa, ni shemeji. Lakini kushoto ishirini na tisa! Mrija haujaziba. Kichupa nimekiminya kikalala kama kandambili. Nikamnywesha mke wangu vikombe vinane vya maji. Kaenda chooni mara tisa. Kwenye mrija hakuna cha zaidi. Yamepita wapi?

Alhamisi, tarehe 9
Kulia ishirini na mbili, na shemeji anaimba. Kashindwa, anaimba. Kushoto kumi na nane. Wakiona hiyo watasema fundi kaisha. Nimeandika themanini.

Ijumaa, tarehe 10
Nesi kaja, kasoma karatasi. Kavuta mrija wa kulia. Wa kushoto hakugusa. Kasema themanini ni mengi, mrija hutolewa majimaji yakishuka chini ya thelathini siku mbili mfululizo. Nikamuuliza mara mbili: chini? Chini, mzee. Pampu gani hii, mwenye kidogo ndiye anapongezwa? Nilitaka kusema kweli. Lakini shemeji alikuwa ananitazama.

Jumamosi, tarehe 11
Mjukuu kafika. Mke wangu kamtazama toka kitini, mikono kaikunja, machozi yanamlenga. Nikasema yote. Hakufoka. Kamwambia tu dada yake ashike na kushoto. Bora angefoka. Nesi kapigiwa simu, kasema hesabu zangu zifutwe, tuanze upya.

Jumatatu, tarehe 13
Jana kumi na mbili, leo kumi. Mrija umetoka. Mke wangu kampakata mtoto saa nzima, kakataa kumpa mtu. Shemeji anajisifu. Hajui pampu hukauka vizuri ikiwa imeanzishwa na fundi. Mimi nimepewa kazi nyepesi: kuandika maziwa ya mtoto, daktari wake anataka kujua. Kanywa mililita sitini. Nimeandika mia na ishirini. Ukoo wetu haujawahi kutoa mtu wa sitini.