Besi Yangu na Mapaja Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Mimi Malkhazi ndiye mwanaume mwenye bahati kuliko wote katika mkoa mzima wa Guria. Asubuhi Lali wangu alikuwa juu ya mti uliopandwa na mzabibu, akichuma zabibu, ngazi inatikisika, yeye anaimba. Nilishika ngazi. Nilishika na kifundo cha mguu wake kidogo. Akacheka bila kuacha wimbo. Mke wangu! Bado nashtuka kuliandika neno hilo.

Habari kubwa. Nafasi ya besi, sauti nene ya chini, iko wazi! Mjomba Vazha, mwimba besi wa ukoo, amewekewa meno mapya na kila akiimba yanapiga mluzi. Jumapili Bibi Guliko, bibi yake Lali, anatimiza miaka themanini. Wimbo wa kumtakia heri ni wa sauti tatu, na ukikatika katikati ni mkosi kwa anayeimbiwa. Nikajitolea palepale. Tulikuwa mezani. Baba mkwe Anzori akakohoa, akasema atafikiri. Alikuwepo pia Karlo, jirani, naye anaitaka besi hiyohiyo.

Karlo! Alimtaka Lali kabla yangu. Kifua kama pipa la mvinyo. Akasema mwanaume anayehamia ukweni aanze kwanza kujua vikombe vinakaa wapi. Wote wakacheka. Lali pia, ila kwa upole.

Kinachoniuma ni hiki. Nyumba hii mtoto hufundishwa kuimba akiwa amepakatwa na mwimba besi, aisikie sauti mgongoni kabla haijafika masikioni. Lali alijifunza hivyo mapajani kwa babu yake. Wote walijifunza hivyo, ndiyo maana wanaimba hata wakinawa miguu. Sasa wanangu, ambao bado hawajazaliwa, wakapakatwe na Karlo? Thubutu!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeingizwa darasani. Darasa ni jikoni. Bibi Guliko anakanda unga wa mahindi, anarusha mstari wa wimbo, watoto wanaudaka. Mwenzangu wa karibu ni Keso, binti wa dada yake Lali. Ana miaka minne na nyimbo nyingi kuliko meno.

Zamu yangu ikafika. Nikatoa besi ya mkoa wa kwetu, Kakheti. Noti moja, nene, imetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Kwetu besi hukaa, wengine ndio huizunguka. Baba yangu alikaa kwenye noti hiyo maisha yake yote na akaheshimiwa. Kumbe huku Guria besi haikai! Inapanda, inashuka, inabishana na sauti nyingine kama majirani kwenye mpaka wa shamba. Mimi nikabaki palepale, macho nimefumba, raha tupu.

Keso akaniziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Baba mdogo, wimbo umeshaondoka, wewe bado umekaa."

Bibi akasema niwe nakuja tu kila siku, nisiwe na haraka, masikio yatalainika. Kila siku! Na Jumapili hiyo inakuja! Watu wenye akili hatulainishwi. Tunatafuta njia ya mkato.

Alhamisi, 9 Oktoba

Imepatikana! Nimefunga mkataba na Keso. Jumapili nitampakata, kama desturi inavyotaka, picha nzuri machoni pa watu. Wimbo ukipanda, atanifinya paja la kulia. Ukishuka, la kushoto. Ukitulia, asinifinye. Malipo ni churchkhela, ule uzi wa kokwa zilizochovywa kwenye juisi nzito ya zabibu. Nilitaja mmoja. Akataka nyuzi mbili, na mmoja apewe kabla. Mtoto huyu atakuja kuwa wakili.

Tumefanya mazoezi nyuma ya banda la kuku. Ana vidole kama koleo. Lakini niliimba! Nilikwenda pale wimbo ulipokwenda! Lali aliponiona nachechemea akaniuliza nimefanya nini. Nikasema ni mapenzi. Akanibusu kwenye sikio. Ah, Lali!

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeona nimsaidie Karlo pia, asije akapata taabu ya kuchaguliwa. Nimempelekea kopo la ajika, pilipili ya kusaga, kali ile ya kutoa machozi. Nikamwambia ni zawadi ya ujirani. Amelimaliza kwa mkate. Jioni sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya bonde, safi kuliko kawaida. Akapita kunishukuru, akaomba kopo jingine.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.  Mapaja yanawaka moto.

Meza ilijaa. Bibi kwenye kiti cha heshima, gauni jeusi, kitambaa kipya. Baba mkwe akainua pembe ya mvinyo, akamsifu mama yake mpaka watu wakafuta macho, kisha akanigeukia, kumbe ameshafikiri. "Haya, mkwe. Tupe besi." Karlo akakunja mikono kifuani akasubiri nianguke.

Keso mapajani. Tukaanza.

Ubeti wa kwanza, finyo kulia, finyo kushoto, nikaenda vizuri kabisa! Baba mkwe akapandisha nyusi. Lali akaweka mkono kifuani. Ubeti wa pili, bora zaidi. Nikamtupia Karlo jicho. Sikujua kwamba ubeti wa tatu huwa unakimbia. Hakuna aliyeniambia! Kulia, kushoto, kulia kulia, kushoto, kucha zote. Mtoto amepandwa na wimbo, ananifinya kama anakanda unga.

Nikapiga yowe.

Besi ikakatika. Nikaona uso wa Baba mkwe ukipauka. Nikaona mkono wa Bibi umebaki hewani. Nikajua nimemletea bibi wa mke wangu mkosi mbele ya ukoo mzima.

Ila wimbo haukukatika. Chini ya kidevu changu sauti ndogo iliishika besi, nyembamba kama uzi, lakini kila noti mahali pake. Keso! Hajawahi kuimba peke yake mbele ya watu. Mgongo wake ulikuwa unatetema kifuani kwangu na nikaisikia besi ya Guria ikipita mwilini mwangu, kinyumenyume, kutoka kwa mtoto kuja kwa mtu mzima. Wakubwa wakapunguza sauti wasimfunike. Akaufikisha mwisho. Lali alikuwa analia waziwazi.

Karlo akasema bwana harusi amelia kama jogoo aliyekanyagwa mkia. Akasema nirudishwe kwenye vikombe. Bibi akamnyamazisha kwa kidole.

"Besi chukua wewe, Karlo, una kifua. Lakini watoto watakaa kwa huyu. Mtoto ameimba akiwa mapajani kwake, na mapaja kazi yake ni hiyo."

Kisha akaniambia kesho jikoni kama kawaida, nisichelewe.

Jumatatu, 13 Oktoba

Furaha haina pa kukaa! Asubuhi, tukitandika kitanda, Lali aliniambia mapaja yangu yatahitajika mwezi wa sita. Sikuelewa. Akauchukua mkono wangu akauweka tumboni pake. Nikaelewa. Nikakaa juu ya mto, mto ukapasuka, manyoya kila mahali, tunacheka, tunalia. Baba! Mimi!

Jikoni sikwenda. Nimefikiri kwa kina. Kama mtoto hujifunza mapema, mapema zaidi ni sasa hivi. Na hapo ndani bado hajafika Bibi, hajafika Karlo, hajafika mtu wa Guria. Uwanja ni wangu!

Lali alipokuwa anapanga sahani kwenye kabati la sebuleni nilipiga magoti, nikasogeza mdomo tumboni, nikamtolea mwanangu noti ya Kakheti. Moja. Nene. Imetulia. Lali akauliza mlio huo wa nini. Nikasema nyuki.

Mlangoni alikuwa amesimama Keso, mikono kiunoni. Kunyamaza kwake ni churchkhela tatu.

Nimelipa. Kesho naongeza sauti.